Baba Aliyegongewa Muhuri

"Mwalimu, siwezi kumshikisha maiti kalamu," nilisema kwa mara ya tatu, na safari hii nilipiga meza.

"Punguza sauti, Mama Kidawa. Mjuzi anasikia."

"Asikie! Na wewe usikie. Chande amekufa. Alikufa mwaka jana mwezi wa tatu, na pilau ya hitima yake ulipika wewe, kwa mwiko wangu, ukauvunja."

Mwalimu Nyamizi alitazama mlango, kisha akatazama kishikwambi kilichosimamishwa juu ya kitambaa cha kufuma katikati ya meza ya ofisi ya walimu.

"Pilau nilipika," akanong'ona. "Na mwiko nilivunja, nisamehe. Lakini pilau ile haikugongewa muhuri, mwanangu. Insha imegongewa."

Kwa ufupi mambo yalikuwa hivi. Binti yangu Kidawa ana miaka kumi, yuko darasa la nne, na fomu yake ya mtihani wa taifa ilitakiwa kufika wizarani siku hiyo hiyo ya Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Fomu ilikuwa na nafasi ya sahihi ya baba. Mama huweka sahihi pale tu baba anapokuwa amefariki. Na kwa mujibu wa jalada la shule, baba yake Kidawa alikuwa mzima wa afya.

"Nenda wizarani kwa Mkurugenzi wa Uwajibikaji," Mwalimu alisema. "Mchukue na mtoto, watamhitaji kama kielelezo."

Tulipokuwa tunaagana alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko desturi. Nilipoutoa nilikuta karatasi kiganjani, imekunjwa mara nne.

"Sijakupa kitu," akasema, akarudi kugonga mihuri.

Nikaitia kwenye mkoba bila kuisoma. Nilikuwa na haraka, na nikiwa na haraka sisomi.

*

Msomaji wa nchi nyingine huenda asielewe, kwa hiyo nieleze. Nchi yetu ni nzuri. Jina lake silitaji kwa sababu kibali cha kulitaja hutolewa dirisha la tatu, na dirisha la tatu halijafunguliwa tangu jengo lizinduliwe.

Miaka mitatu iliyopita Wizara ya Elimu ya Hakika ilituletea Mjuzi. Mjuzi ni mashine ya akili mnemba. Unaiandikia swali, inakujibu kwa Kiswahili safi, bila kukasirika, hata ukiuliza jambo lile lile mara kumi. Mimi ni fundi wa maabara katika zahanati, nina stashahada yangu, siogopi mashine. Darubini nayo ni mashine. Siku ya kwanza nilipomwona Mjuzi akimweleza mtoto wa jirani sehemu na desimali kwa njia sita, mpaka ya sita ikaingia, nilisema huyu atatufaa, maana darasa la Kidawa lina watoto mia moja na ishirini na mwalimu mmoja mwenye magoti mabovu.

Lakini Wizara iliogopa atatumika vibaya. Ikatoa Waraka wa Matumizi ya Kuwajibika, kurasa mia nne, na tangu hapo hakuna aliyepata nafasi ya kumtumia vizuri.

Ulianza mgogoro wa salamu. Kwetu mtoto humwamkia mwalimu. Je, mashine? Ikaundwa tume, ikakaa hotelini wiki sita, ikabaini kwamba Mjuzi ana maarifa ya miaka elfu tano, kwa hiyo ni mkubwa wa kila mtu isipokuwa Waziri. Basi kila asubuhi watoto mia moja na ishirini husimama pamoja na Mwalimu Nyamizi, mwenye miaka hamsini na minane, wakapaza sauti: "Shikamoo, Mjuzi!" Naye Mjuzi hujibu kwa adabu: "Asanteni, lakini mimi ni mashine. Mwamkieni mwalimu wenu." Wizara ikafafanua kwamba huo ni unyenyekevu, nao unyenyekevu ni dalili ya ukubwa, hivyo salamu ziongezwe ziwe mbili.

Halafu chaki. Chaki ilipigwa marufuku kwa hoja kwamba kilichoandikwa kwa chaki hufutika, na kinachofutika hakiwezi kuwajibishwa. Kiwanda cha chaki kikafungwa. Chande wangu alikuwa mkata chaki mle kwa miaka kumi na mmoja. Kiwanda kilipofungwa vumbi lake lilikuwa limeshahamia kifuani mwake, nalo halikupata barua ya kuachishwa kazi. Alikohoa mwaka mzima. Mimi mwenyewe nilitazama makohozi yake kwa darubini mara saba nikitafuta ugonjwa unaotibika. Mara saba niliandika: Hakikuonekana.

Mwisho wa yote ni muhuri. Kila jibu la Mjuzi huchapwa nakala tatu na kugongwa muhuri na mwalimu, na likishagongwa ni kweli. Walimu walipewa cheo kipya. Mwalimu Nyamizi, aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa mji huu, mimi nikiwamo, sasa ni Mgonga Muhuri Daraja la Pili. Muhuri wenyewe ni wa zambarau, mpana kama kisosi, na Waraka unaagiza ugongwe chini ya ukurasa, katikati.

Sasa, Mjuzi ana tabia moja. Anapokuwa hana uhakika huandika hivyo, tena mstari wa mwisho, chini ya ukurasa, katikati. "Hapa nimekisia, tafadhali hakikisheni." "Huu ni mfano tu wa kubuni." Muhuri ukashuka hapo hapo, siku zote, kwa miaka mitatu. Hakuna mtu katika nchi yetu aliyewahi kuusoma mstari wa mwisho wa Mjuzi kwenye karatasi; mimi hiyo miwili niliiona kwenye kioo, kwa mtoto wa jirani. Ndivyo watoto wetu walivyojifunza kwamba mto wetu mkuu huanzia baharini na kupanda mlimani. Wizara ilipopata habari ilituma wahandisi wakausaidie mto.

*

Insha ilikuwa "Baba Yangu."

Utaratibu ni kwamba mtoto huandika kwanza mwenyewe. Karatasi hiyo huitwa Maandishi Yasiyothibitishwa, na hutumbukizwa katika sanduku lenye kufuli. Kisha mtoto humwomba Mjuzi insha iliyothibitishwa.

Kidawa alimwandikia: Niandikie kuhusu baba yangu.

Mjuzi akajibu: "Sijui habari za baba yako. Wewe unamjua kuliko mimi. Niambie unachokumbuka, au muulize mtu wa nyumbani, kisha nitakusaidia kupanga."

Mimi naona hilo ni jibu zuri. Mwalimu Nyamizi pia aliliona zuri, alikiri kwangu baadaye. Lakini fomu ya majibu ina visanduku vitatu tu: NDIYO, HAPANA na JIBU KAMILI. Hakuna kisanduku cha Sijui. Sisi watu wa maabara tukitazama tusione kitu, tunaandika kwamba hatukuona, na hayo ni majibu, daktari anayafanyia kazi. Wizarani, jibu lisilo na kisanduku halijatolewa. Mtoto akaagizwa aulize tena. Akauliza. Mjuzi akasema tena hajui. Mara ya tatu Mwalimu, huku foleni ya watoto themanini ikimngoja, akaandika mwenyewe: Tunga tu.

Mjuzi akatunga. Baba yangu ni mrefu na mchangamfu. Kila jioni hurudi kutoka ofisini akiwa na mkate wa maziwa na peremende. Hunibeba mabegani mpaka sebuleni. Baba yangu hajawahi kuugua hata siku moja.

Na chini kabisa, katikati, akaandika mstari ambao hatutaujua kamwe.

Kidawa alipata hamsini kwa hamsini. Insha ilisomwa mstarini, ikawekwa katika jalada lake, na kutoka jalada la shule ikasafiri mpaka masjala ya wilaya, maana katika nchi yetu majalada hutembeleana kuliko ndugu.

Mwezi uliofuata barua zikaanza kuja. Ya kwanza iliandikwa kwa Bwana Chande mwenyewe, ikimwonya kwa kukosa vikao vitatu vya wazazi. Ya pili ilikuwa yangu. Ilitaka nieleze kwa nini nilikaa eda miezi minne na siku kumi ilhali mume wangu yu hai, na iwapo huo haukuwa utoro kazini. Ya tatu ilikwenda kwa mlinzi wa makaburi, akitakiwa kueleza ni nani hasa aliyemo katika kaburi namba mia mbili na sita, na kwa idhini ya nani. Maskini mzee yule alikuja kwangu na kofia mkononi. "Mama Kidawa, nimjibuje? Nimemwita mara mbili, haitiki."

Nilicheka. Nikafungia maandazi kwa barua zile. Mimi ni mtu wa kuendelea na kazi. Eda ilipokwisha niligawa nguo za Chande, nikasugua sakafu, nikahamisha kitanda upande wa dirisha, nikarudi zahanati. Nilidhani ndivyo watu wanavyopona.

*

Mkurugenzi wa Uwajibikaji aliitwa Bwana Mapande. Alikuwa mtu mwema. Alitukaribisha viti, akamsifu Kidawa kwa nywele zilizosukwa vizuri, akaagiza aletewe soda. Nasema hivi ili pasiwe na mtu wa kufikiri kwamba kuna mtu mbaya katika habari hii.

"Mama," alisema, akisimama, maana Waraka ulimtaka asimame anapoueleza, "zamani mtu akikosea tulikuwa tunauliza: nani kakosea? Ni ugomvi, ni fitina, ni kuvunjiana heshima. Leo kila jibu lina mwenyewe, na mwenyewe ni muhuri. Muhuri ukiwajibika, mwalimu hawajibiki, mimi siwajibiki, Waziri hawajibiki. Sote tumepumzika! Mataifa makubwa yanahangaika na akili mnemba kwa sababu hayana wino wa kutosha."

"Mheshimiwa, mume wangu nimemzika."

"Una hati ya kifo?"

Nilimpa. Aliitazama kwa huruma.

"Hii muhuri wake ni mwekundu. Zambarau ya insha imegongwa baadaye. Zambarau hufuta nyekundu."

"Basi muulize huyo Mjuzi wenu. Muulize sasa hivi, mbele yangu."

Sikutegemea akubali, lakini watu wema hukubali. Alivuta kishikwambi, akakiamkia, akaandika kwa kidole kimoja: Je, Bwana Chande, baba yake Kidawa, yu hai?

Jibu lilikuja kabla hajatoa kidole. Aligeuza kioo ili nami nisome.

"Sina habari zozote za kuaminika kuhusu Bwana Chande. Niliwahi kuombwa kutunga insha, na niliyoyaandika humo yalikuwa ya kubuni. Ikiwa mama wa mtoto yupo hapo, yeye ndiye wa kuulizwa. Na ikiwa kweli amefariki, poleni sana kwa msiba."

Nilisoma mara mbili. Zile zilikuwa rambirambi za kwanza kunifikia kutoka katika ofisi ya serikali. Nikajifanya napiga chafya.

"Si unaona, mama?" Bwana Mapande alisema kwa upole, akikifunika. "Halina kisanduku."

Kisha akafungua droo. Alikuwa amekutana na hali kama yangu, akasema, mikoa yote. Kuna kijiji kizima kilichohamishiwa ng'ambo ya mto na kitabu cha jiografia. Kwa hiyo Wizara, kwa kutujali, ilikuwa imetunga Fomu ya Kukiri Mume Yu Hai. Ukurasa mmoja tu. Ningekiri, kisha ningeruhusiwa kuweka sahihi ya mtihani "kwa niaba ya mume aliye hai lakini ana shughuli." Barua za kikao zingekoma. Eda ingesamehewa. Mlinzi wa makaburi angeachwa apumzike.

"Kalamu hii hapa," alisema. "Saa tano na nusu sasa. Dirisha linafungwa saa sita kamili."

Niseme kweli. Nilichukua kalamu. Mimi si mwanamke wa kufia karatasi. Nilisema moyoni: Chande atakuwa amekufa vile vile, fomu iseme itakavyo, na mtoto atafanya mtihani. Nikampa Kidawa mkoba anishikie.

"Weka sahihi, mama," Kidawa alisema. Alisema kwa furaha, na povu la soda juu ya mdomo. "Weka. Huyu hakohoi."

"Nani hakohoi?"

"Baba wa muhuri. Nikitoka shule namsoma. Anakuja na mkate, ananibeba mpaka sebuleni."

"Kidawa, sisi hatuna sebule."

"Najua," akasema. "Lakini kule iko."

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Iliacha nukta pale. Nilimtazama mwanangu, nikaona anavyoukumbatia mkoba wangu kwa mikono miwili, na ndipo nikakumbuka ile karatasi iliyokunjwa mara nne.

Nikaitoa. Yalikuwa Maandishi Yasiyothibitishwa, kwa mwandiko wa Kidawa unaopanda kulia kama mto wetu mkuu. Mistari minne.

*Baba yangu alikuwa anafanya kazi ya chaki.*

*Alikuwa anakohoa sana.*

*Alikuwa anaimba wimbo lakini nimeusahau.*

*Nitamuuliza mama.*

"Mbona hukuniuliza?" nilimwambia.

"Nilikuuliza." Hakusema kwa kulaumu, alisema kama mtu anayetoa taarifa. "Ulikuwa unasugua sakafu. Ukaniambia nikachote maji. Nilipokuuliza tena ukaniambia nikapeleke sahani kwa bibi. Halafu ukasema tusiyazungumze, tutaugua. Ndiyo nikamuuliza Mjuzi. Naye akasema nikuulize wewe."

Bwana Mapande alikuwa anakagua muhuri wake kwa makini sana, kama mtu anayesikia ugomvi wa nyumba ya pili.

Miezi yote ile nilikuwa nikiwacheka watu waliokataa neno Sijui kwa sababu halina kisanduku. Nyumbani kwangu mimi hapakuwa na kisanduku hata kimoja. Mtoto alikuja na swali, nikampa ndoo. Sakafu ile niliyoisugua ilikuwa na michoro yake: Chande alikuwa akirudi na vipande vya chaki zilizovunjika mfukoni, akakaa chini na suruali yake ya kazi, akamchorea kuku, kila jioni kuku, kwa sababu alijua kuchora kuku tu. Niliifuta kwa brashi na sabuni ya unga, siku moja tu, nikaona nimefanya usafi.

"Saa sita kasoro dakika kumi, mama," Bwana Mapande alisema. "Mtoto asipofanya mtihani atarudia darasa. Mwaka mzima."

"Nimesikia."

"Ni sahihi tu."

"Darasa hurudiwa, Mheshimiwa," nikasema. "Kidawa, kunywa hiyo soda uimalize. Sogea hapa."

Nikaigeuza Fomu ya Kukiri Mume Yu Hai. Nyuma ilikuwa nyeupe, haina mstari wala kisanduku. Nikaiweka kwenye ukingo wa meza ya Mkurugenzi, nikampa Kidawa kalamu ya Mkurugenzi.

"Mama, hiyo ni mali ya Wizara!" Bwana Mapande alisema, akiinuka. "Ikiandikwa nyuma haipokelewi tena dirishani. Nina hiyo moja tu iliyobaki, nyingine bado zinachapwa!"

"Basi haipokelewi. Andika, mwanangu."

"Niandike nini?"

Nilianza na kikohozi, kwa sababu ndicho alichokuwa nacho. Nikamwambia kilikuwa kinaanza alfajiri, kikavu, na kwamba baba yake alikuwa anaziba mdomo kwa mto asimwamshe. Nikamwambia habari za kuku. Nikamwambia alikuwa mfupi, hata mimi namzidi kidogo, na siku ya harusi alivaa viatu vya kuazima vyenye kisigino. Hapo Kidawa alicheka, halafu akaacha kucheka, halafu machozi yakadondoka juu ya neno *kisigino* likavimba. Nikamwambia aendelee tu. Nikamwambia nilitafuta ugonjwa wake mara saba nisiuone. Hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Aliandika taratibu, ulimi nje. Kwa mbali tulisikia bamba la dirisha la kupokelea fomu likishushwa. Bwana Mapande akakaa. Alikuwa ameshika muhuri mkononi lakini hakuwa anaugonga popote.

Kidawa alifika chini ya ukurasa. Palibaki nafasi ya mstari mmoja, katikati.

"Na wimbo?" akauliza. "Alikuwa anaimba wimbo gani?"

Nikautafuta. Nilimwona Chande ameketi sakafuni, nikaona chaki, nikaona midomo yake ikicheza. Sauti haikuja. Nilingoja. Nilijaribu kuimba kitu puani, nikajua ninatunga, nikaacha.

"Sijui," nikamwambia. "Nimeusahau na mimi. Andika hivyo."

Akaandika.